Kondoo Mweupe Alifikaje Tunduma?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie midoli. Ndiyo, midoli! Najua kuna mtu ameshaguna, "Mwandishi mzima, habari zimekwisha?" Subiri kwanza, humu ndani kuna historia.

Pita Tunduma pale wanapofungua mabalo ya mitumba. Chini ya makoti na masweta utakuta rundo la midoli ya manyoya: dubu, sungura, mbwa, na yule kondoo mweupe mwenye sufu ya kuviringika. Nimesimama pale zaidi ya mara moja nikaona vitoto vikimng'ang'ania mpaka mama anatoa hela kwa hasira. Sasa jiulize, huyu kondoo ni wa wapi? Kondoo wetu wa huku wana nywele fupi, wengi rangi ya kahawia au madoa, na mkia mnene. Sufu ya kufumia hata soksi hawana. Walowezi kama Lord Delamere walipoleta kondoo wa sufu Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, wengi walikufa. Kwa hiyo mtoto wa Songwe anakumbatia kondoo ambaye hajawahi kumwona zizini!

Picha ilitangulia mdoli. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla karne haijaisha walikuwa wameshaingia Mbozi kwa Wanyiha. Nembo ya kanisa lao ni mwanakondoo aliyebeba bendera. Babu zetu walimjua kondoo mweupe kwa picha kabla wajukuu hawajamjua kwa kumshika.

Mdoli wenyewe una historia yake. Margarete Steiff alikuwa fundi cherehani wa Giengen, Ujerumani, aliyepooza miguu tangu utotoni kwa polio. Mwaka 1880 alishona tembo mdogo wa kuchomekea pini. Watoto wakampenda kuliko mafundi! Wanyama wengine wakafuata, na mwaka 1902 mpwa wake Richard akabuni dubu wa manyoya ya mbuzi wa Angora. Mwaka huohuo Marekani, Rais Theodore Roosevelt alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa kwenye mti, na jina lake la utani, Teddy, likabaki kwa dubu wa midoli mpaka leo. Baadaye viwanda vikahamia kwenye nyuzi za polyester, bei ikashuka, na midoli ikawa mingi kuliko watoto. Ile ya ziada ndiyo inayoishia kwenye mabalo. Kwetu mlango ulianza kufunguka mwaka 1984 biashara ya nje ilipolegezwa, na enzi za hayati Mzee Ruksa mitumba ikashamiri.

Lakini kwa nini mtoto anamtaka? Mwaka 1958 mwanasaikolojia Harry Harlow wa Marekani alichapisha utafiti wa watoto wa nyani waliotenganishwa na mama zao. Aliwapa "mama" wawili: mmoja wa waya, mwingine wa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwa yule wa waya, walinyonya haraka na kurudi kwa yule laini. Daktari Donald Winnicott wa Uingereza naye alikwishaeleza kwamba blanketi au mdoli humsaidia mtoto kuvuka kipindi cha kuzoea kuwa mbali na mama. Ongeza kichwa kikubwa, macho makubwa na mwili wa mviringo, sura ya kichanga kabisa, na kondoo ameshinda.

Hapo ndipo Tunduma inaponigusa. Mtoto wetu wa zamani hakuhitaji kondoo wa manyoya kwa sababu alikuwa na mgongo wa mama, kanga na joto la kitanda kimoja. Alipotaka kucheza, gunzi la mahindi lilifungwa kitambaa, likabebwa mgongoni, likawa mtoto. Ila huu ni mji wa mpakani. Mama anaamka alfajiri kuwahi Nakonde na mzigo wake, baba yuko kwenye lori, mtoto anabaki na dada wa kazi. Mgongo haupo kutwa nzima. Tunaowacheka wazazi wa mjini kwa "mambo ya kizungu" tutazame vizuri: mdoli ule unashika zamu ya mtu. Hautoshi, lakini mtoto akiulilia, analilia kitu cha kweli.

Angalizo kwa wazazi: kichanga wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na mdoli laini, unaweza kumziba pumzi. Ufue kwanza, na macho yaliyolegea yang'oe kabla hajayameza.

Na mafundi cherehani wa Tunduma mko wapi? Vipande vya vitambaa mnavitupa kila jioni. Nani atatushonea kondoo wa kahawia mwenye mkia mnene, ambaye mtoto akienda kwa bibi Ileje atamkuta anakula majani na kusema, "Huyu namjua"? Margarete alianza na mto wa pini tu.

Nawasilisha.