Rangi ya Plagi

Kaka yangu alipoenda Doha kutafuta riziki aliniachia vitu viwili: deni la nyumba la miezi miwili na Royal Enfield Himalayan. Deni nililipa. Nduthi ndiyo ilinishinda.

Sikuiharibu kwa makusudi. Nilitaka tu iwe na sauti. Himalayan ile ya 411 cc hutoka kiwandani ikiongea kwa adabu, kama mgeni wa kanisa. Nikapata ekzosi fupi iliyo wazi, nikaongeza kichujio cha hewa kinachopumua zaidi, na fundi wangu wa Grogan akachukua ekzosi ya zamani kama sehemu ya malipo. Wiki ya kwanza nilijiona mfalme wa Thika Road. Wiki ya pili ikaanza kulipuka nyuma kila nikiachilia aksileta, pa! pa!, hadi soldja wa benki moja pale Roysambu akashika bunduki yake vizuri. Injini ikawa inawaka moto mpaka mapaja yangu yanaungua kwenye jam. Nikafungua plagi. Nyeupe kama chaki.

Kaka ndiye aliyenifunza kusoma plagi. Aliingia boda mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya 250 cc, wakati kila kijana mtaani alikuwa na Boxer ama anaitafuta. Jioni alikuwa akiifungua plagi, anaipangusa na kitambaa, ananionyesha. Nyeusi yenye masizi: mafuta mengi, unachoma pesa. Nyeupe: mafuta kidogo, unachoma injini. Kahawia ya chai ya maziwa: hapo sawa, lala usingizi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na hiyo ndiyo sayansi ya kwanza niliyowahi kuielewa.

Kwa Boxer, dawa ya plagi nyeupe ni jeti. Unafungua kabureta, unatoa kijikopa kidogo chenye tundu, unaweka chenye tundu kubwa kidogo, unafunga. Fundi anafanya hivyo huku akiongea na simu. Nilipompelekea Himalayan, alizunguka nayo mara mbili, akachuchumaa, akainuka.

"Kijana, hapa hakuna jeti. Hapa kuna kompyuta."

"Na ile ekzosi ya zamani?"

"Hiyo ilienda na mtu wa Nakuru."

Basi kurudi nyuma hakukuwepo. Nikabaki kutafuta moduli ya mafuta, kile kiboksi kinachokaa kati ya kompyuta ya pikipiki na injekta na kubadilisha kipimo cha mafuta. Nilidhani nitamaliza kwa jioni moja. Nilimaliza kwa miezi miwili, kwa sababu kila nilipouliza swali la bei nilijikuta kwenye swali la historia: ni nani alimnyang'anya fundi bisibisi, na lini?

Tuanze na hewa. Kuchoma kilo moja ya petroli kabisa kunahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Injini ikitaka nguvu, inapenda mafuta kidogo zaidi ya hapo. Kazi ya kabureta ni kukadiria uwiano huo bila kuhesabu chochote. Hewa ikipita mahali pembamba inakimbia, na shinikizo lake linashuka. Jambo hilo Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilieleza mwaka 1797, wakati hakuna aliyekuwa akifikiria petroli. Kule Budapest, Donát Bánki na János Csonka walipata hataza ya kabureta ya kunyunyiza mwaka 1893, miezi michache kabla ya Mjerumani Wilhelm Maybach kupata ya kwake. Kuna hadithi kwamba walipata wazo hilo kwa kumwona msichana wa maua akinyunyizia maua maji kwa pumzi yake. Sijui kama ni kweli, lakini naipenda, kwa sababu kabureta ni hivyo tu: pumzi na tundu.

Kwa zaidi ya miaka themanini, tundu hilo lilikuwa la yeyote aliye na bisibisi. Waingereza wa Amal walitengeneza kabureta zenye sindano na jeti za kila namba, na Royal Enfield zikazitumia. Bullet ilipoanza kuunganishwa Madras mwaka 1955, ilikwenda na utamaduni huo huo: ukienda milimani unapunguza jeti, ukishuka baharini unaongeza. Sisi huku tunaujua mchezo huo hata kama hatuna jina lake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Kabureta haijui hilo. Boxer iliyopangwa vizuri Likoni ikipelekwa Limuru inakohoa moshi mweusi, na fundi wa Limuru anaifungua bila kuuliza imetoka wapi.

Kufuli ya kwanza ilitoka Marekani. Moshi wa Los Angeles ulikuwa umewafanya watu walie machozi mchana kweupe, na mwaka 1970 bunge lao likapitisha sheria kali ya hewa safi. Pikipiki zilifikiwa na viwango vya moshi kuanzia modeli za mwaka 1978. Viwanda vikajibu kwa kupunguza mafuta hadi mwisho kabisa, kisha vikaziba skrubu ya mchanganyiko kwa kifuniko kidogo cha shaba ili mwenye pikipiki asiiguse. Kifuniko hicho nimekiona kwa macho yangu kwenye Yamaha moja kuukuu, kimetobolewa kwa drili. Ni kama kuona mlango uliovunjwa kabla hujazaliwa.

Waliovunja walikuwa wengi, na baadhi walifanya biashara. Kampuni ya Dynojet, kutoka jimbo la Montana, ilijulikana kwa kuuza seti za jeti na sindano kwa watu waliobadilisha ekzosi. Yaani shida yangu ina umri kuliko mimi.

Wakati huohuo kabureta yenyewe ilikuwa inazeeka. Bosch walikuwa wameleta sensa ya oksijeni, ikaingia kwenye magari ya Volvo mwaka 1976: kidole kinachokaa ndani ya moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Mwaka 1980 Kawasaki wakatoa Z1000 yenye injekta, ya kwanza kuuzwa kwa wingi. BMW wakafuata na K100 mwaka 1983. Harley-Davidson, ambao huwa hawana haraka, waliingia mwaka 1995. Jeti ikawa namba ndani ya jedwali, na jedwali likafungiwa ndani ya kiboksi cheusi. Hakuna tena kifuniko cha kutoboa.

Dynojet hao hao wakarudi miaka ya 1990 na Power Commander. Ujanja wake ni mzuri mpaka unachekesha: hauvunji kufuli ya kompyuta, unasimama mlangoni. Kompyuta inaiamuru injekta ifunguke kwa muda fulani, moduli inaidaka amri hiyo njiani, inaongeza au kupunguza kidogo, kisha inaipitisha. Kompyuta haijui kama imebadilishiwa maneno. Kila moduli unayoiona leo ukitafuta mtandaoni ni mjukuu wa wazo hilo.

Serikali ya Marekani haikucheka. Agosti 2016 shirika lao la mazingira, EPA, lilifikia makubaliano na Harley-Davidson kuhusu vifaa vya kurekebisha mafuta vilivyouzwa tangu 2008, takriban 340,000. Harley walisema vilikuwa vya mashindano tu. Walikubali kuacha kuviuza na kulipa faini ya dola milioni 12. Niliposoma hilo nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na ukurasa wa kununua moduli umefunguka kwenye simu. Nikaweka simu chini kidogo. Binamu yangu ana pumu, anaishi karibu na stendi ya matatu, na mimi hapa nataka kuongeza mafuta kwa ajili ya sauti.

Huku kwetu kuna kipande cha historia ambacho watu wa nduthi hawakitaji. Sensa ya oksijeni hufa ikipewa petroli yenye risasi, na katalisti pia. Nchi za Afrika zilikutana Dakar mwaka 2001 zikakubaliana kuondoa risasi, na Kenya, pamoja na karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, ilikuwa imeiondoa kufikia mwanzo wa 2006. Kwa hivyo kabla ya hapo, pikipiki kama ya kaka isingeweza kuishi Nairobi na sensa yake. Boda zilizokuja miaka michache baadaye zilikuja na kabureta, na nyingi bado ziko hivyo, hata baada ya India yenyewe kukaza masharti Aprili 2020 na kuhamia injekta. Tuna karne mbili barabara moja: fundi wa jeti, na juu yake kompyuta asiyoweza kuifungua.

Sasa, uchaguzi. Nilikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa waya mbili zinazounganishwa na sensa ya joto la hewa. Zinaidanganya kompyuta kwamba hewa ni baridi zaidi, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, kompyuta inaongeza mafuta. Bei nafuu, dakika tano. Lakini inaongeza kiasi kilekile kila mahali, na shida yangu haikuwa ileile kila mahali. Na pale ninapokwenda polepole, kompyuta inaisikiliza sensa ya oksijeni. Ikiona mafuta yamezidi inayaondoa tena. Unamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Ya pili: jamaa mmoja wa Industrial Area aliyesema ataiandika upya kompyuta yenyewe. Kitaalamu hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Nikamuuliza kama atanihifadhia programu ya zamani. "Ya nini, boss? Hutairudia." Nikamuuliza jedwali lake lilipimwa kwa ekzosi gani. Akasema zote ni sawa. Nikamshukuru, nikawasha nduthi, pa! pa!, nikaondoka.

Ya tatu ndiyo niliyochukua: moduli ya kusimama mlangoni, yenye plagi za kuchomeka bila kukata waya hata mmoja, na inayoshughulikia pia ishara ya sensa ya oksijeni ili kompyuta isipambane nayo. Ilinikula nusu ya mshahara. Nilichagua hiyo kwa sababu moja tu ya kweli: nduthi si yangu. Siku yoyote ningeweza kuichomoa na pikipiki ikabaki kama ilivyokuwa. Ramani iliyokuja nayo niliiona imezidisha mafuta, basi nikaipunguza hatua kwa hatua, kila jioni plagi mkononi. Moduli ina programu ya simu yenye grafu za rangi. Mimi nilitumia kitambaa.

Kulipuka kulipungua lakini hakukuisha. Ekzosi ilikuwa inavuja kwenye kiungo, inanyonya hewa kutoka nje; gasketi ya mia tatu ndiyo ilimaliza kazi. Ningeanza nayo, ningejua kama nusu ya shida ilikuwa pale. Hilo bado linaniuma.

Kaka alirudi Desemba. Sikuwa nimemwambia kitu, na picha nilizokuwa nikimtumia zilikuwa za upande wa kushoto pekee. Alishuka ngazi asubuhi na kikombe chake, akaizunguka nduthi kama fundi alivyoizunguka, akasimama upande wa ekzosi. Akawasha. Akasikiliza muda mrefu. Akavuta aksileta, akaachilia. Kimya.

"Umeigusa."

"Nimeigusa."

"Ekzosi yangu iko wapi?"

"Nakuru."

Alikunywa chai. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia, akaniambia nilete spana ya plagi.