Pasipoti Ile Ile, Mlango Umefungwa

Wazee walisema paka wa nyumba haingwi. Lakini mwaka 1968 Uingereza ilimfukuza paka wake mchana kweupe, tena kwa sheria.

Kenya ilipopata Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, Wahindi wengi hawakuwa raia moja kwa moja. Walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Kuna waliojiandikisha, na kuna walioshikilia pasipoti za Uingereza. Utawalaumu? Mtu haachi mbachao kwa msala upitao.

Mwaka 1967 Bunge letu nalo likakaza kamba: asiye raia sharti awe na kibali cha kazi. Leseni za biashara zikaanza kubana. Basi watu wakafunga mizigo, ndege zikajaa kuelekea London. Huko nako wanasiasa wakaingiwa na baridi.

Tarehe 22 Februari 1968 Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, akatangaza mswada. Kufika Machi 1 ulikwisha kuwa sheria! Haukutaja rangi ya mtu, la hasha. Ulitaka tu mwenye pasipoti, au mzazi wake, au babu au bibi yake, awe amezaliwa Uingereza kwenyewe au amepata uraia huko. Sasa jiulize, msomaji: mlowezi wa Nakuru babu wa namna hiyo alikuwa naye. Fundi cherehani wa Ngara je?

Kwa waliofungiwa nje zikatengwa nafasi 1,500 kwa mwaka, za wakuu wa familia. Wengine walirushwa kama mpira, uwanja huu wa ndege hadi ule, na pasipoti mkononi.

Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema ubaguzi ule ulikuwa wa rangi na uliwadhalilisha watu. Lakini hadi 2002 ndipo sheria ya Uingereza ilipowafungulia mlango waliosalia bila uraia mwingine. Miaka 34! Mtoto aliyebebwa mgongoni 1968 alikuwa na watoto wake.

Basi vijana wenzangu, mswada wa uhamiaji ukisomwa, kwetu au kwao, tusitafute matusi ndani yake. Hayamo. Tuulize babu wa nani anatakiwa. Na sisi tunaoota kuandika riwaya, hadithi ya yule fundi wa Ngara bado inatungoja. Tusiwaachie wanasheria peke yao.