Jiwe, pleti na printa kuukuu: historia ya mwandishi asiye na hela ya kuchapa

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu mshairi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Dar es Salaam. Alikuwa na mswada wa kurasa 96 na akiba ya kuchapa nakala 200, basi. Fundi, mzee wa makamo mwenye wino kwenye kucha, akaupima mswada kwa mkono kisha akauliza: “Mdogo wangu, hesabu ya pleti umeshapiga?”

Hatukuwa tumepiga. Wala hatukujua kwamba inapigwa.

Akatuchorea kwenye kipande cha boksi. Mashine yake ya ofseti inachapa karatasi ya A3. Kitabu cha A5 kinaingiza kurasa nne kila upande wa karatasi hiyo, na kila upande unataka pleti yake. Kurasa 96 ugawe kwa nne, unapata pleti 24. Jalada ni la rangi nne, ongeza nne. Jumla 28. Na hapo ndipo penye uchungu: uchape nakala 200 au 2,000, pleti ni zile zile 28. Mwenye nakala nyingi anaigawanya gharama hiyo mpaka inapotea. Mwenye chache inamkaba koo.

Sisi wasomaji tunapenda kuzungumzia wahariri, tuzo na wachapishaji wanaobana. Pleti haitajwi. Lakini historia yake, ukiifuatilia, inaanza na mtu wetu kabisa: mwandishi wa tamthilia aliyeishiwa.

Jamaa anaitwa Alois Senefelder, alizaliwa Prague mwaka 1771 na kukulia Ujerumani. Baba yake alikuwa mwigizaji. Mzee alipofariki, kijana akaacha masomo ya sheria, akajaribu kuishi kwa jukwaa na kalamu. Kuchapa tamthilia zake kulimla kila alichopata, ndipo akaamua kutafuta njia ya kuchapa mwenyewe, kwa rahisi. Alijaribu shaba, ikawa ghali na ngumu kufutika. Akahamia kwenye vipande vya mawe laini ya chokaa kutoka Solnhofen, kule Bavaria.

Mwenyewe aliisimulia siku iliyobadilisha mambo, mwaka 1796. Dobi alikuwa mlangoni anasubiri, mama anataka orodha ya nguo iandikwe, na nyumbani hakuna hata kipande cha karatasi. Senefelder akachukua wino wake wa nta, sabuni na masizi, akaiandika orodha juu ya jiwe. Baadaye akajiuliza: je, nikilimwagia tindikali? Miaka miwili hivi ya majaribio ikamfikisha kwenye kanuni ambayo ofseti inaitumia hadi leo: mafuta na maji havipatani. Chora kwa kitu chenye mafuta, lowesha jiwe kwa maji, kisha pitisha wino. Wino utashika penye mchoro na kupakimbia penye maji. Hakuna haja ya kuchonga herufi wala kupanga risasi moja moja.

Kwa watu wa hati za Kiarabu hii ilikuwa neema ya pekee. Kupanga hati hiyo kwa herufi za chuma ni kazi, maana herufi hushikana na kubadilika umbo kila zinapokaa. Jiwe lilipokea mwandiko wa kalamu jinsi ulivyo. Ndiyo maana India na Iran zilichapa vitabu vingi kwa mawe katika karne ya 19.

Jiwe lakini ni zito, na halikunjiki. Mabamba ya zinki na alumini yakachukua nafasi yake kwa sababu yanaweza kuzungushwa kwenye silinda. Mwaka 1904, huko Nutley, New Jersey, Marekani, mchapaji Ira Rubel aligundua kwamba karatasi ikikosekana kuingia mashineni, chapa inatua kwenye mpira wa silinda, na karatasi inayofuata inaipokea kutoka kwenye mpira ikiwa safi kuliko kawaida. Kosa likawa mashine. Ofseti hiyo.

Sasa angalia kilichotokea baada ya hapo. Senefelder aliandika kwa mkono moja kwa moja juu ya jiwe. Karne ya 20 iliweka mwanga katikati: kurasa zinapigwa kwenye filamu, filamu inalazwa juu ya pleti iliyopakwa dawa inayohisi mwanga, taa inachoma, dawa nyingine inaosha. Mwaka 1995, kwenye maonyesho ya drupa mjini Düsseldorf, mashine za CTP, yaani kutoka kompyuta hadi pleti, zikatawala mazungumzo. Filamu ikaondoka, leza ikachora pleti yenyewe. Maendeleo makubwa, lakini kwa mchapaji mdogo hiyo ni bei ya nyumba. Wengi wakabaki na karatasi ya trasi iliyochapwa kwa printa ya leza, au wakawa wanapeleka kazi kwa mwenye mashine na kupanga foleni.

Hapo ndipo inapoingia printa ya inkijeti, ile ya kurusha matone ya wino. Printa za Epson zinausukuma wino kwa kipande kinachojikunja kikipewa umeme, bila kuuchemsha, kwa hiyo zinavumilia vimiminika vya aina nyingi. Kampuni ya Denmark, Glunz & Jensen, ilijenga PlateWriter juu ya printa hizo; ya Israeli, VIM, ikaja na JetPlate. Mafundi wa karakana nao wakaingia kazini.

Njia ni mbili. Ya kwanza, unachapa wino mweusi juu ya pleti ya kawaida, unaipiga taa ya urujuanimno, na wino unakuwa kivuli kinachokinga maandishi. Sehemu zilizopigwa mwanga zinaoshwa na dawa. Ya pili, unachapa kimiminika maalumu juu ya alumini tupu iliyokwaruzwa, unakikausha kwa joto, nacho kinageuka kuwa sehemu inayopenda wino wa mafuta. Hii ya pili ni Senefelder mtupu. Tumezunguka miaka 200 tukarudi kuandika moja kwa moja juu ya bamba.

Si mteremko. Alumini hainywi wino kama karatasi, kwa hiyo matone hutawanyika na kuungana. Pleti haitaki kupindwa, hivyo lazima njia ya kuiingizia inyooshwe. Vitundu vya kichwa huziba. Na pleti ikiteleza kidogo tu, rangi nne hazilaliani, sura ya mtu inaota kivuli. Lakini maandishi meusi? Yanasameheka. Na ushairi ni maandishi meusi.

Nisidanganye: rafiki yangu hakutumia pleti. Mzee mwenyewe ndiye aliyemshauri akachape zile 200 kwa mashine ya kidijitali, isiyo na pleti kabisa, na alimshauri vizuri. Tatizo la njia hiyo ni kwamba nakala ya elfu moja inakaribia kugharimu sawa na ya kwanza, hakuna nafuu inayokuja mbele. Sasa mashairi yameulizwa na walimu kadhaa, anataka nakala 1,000, na bei lazima mwanafunzi aiweze. Tumerudi kwenye zile 28.

Wiki iliyopita tulipita tena kwa mzee. Kwenye meza ya nyuma kulikuwa na Epson kuukuu, imevuliwa nguo, skrubu zimepangwa ndani ya sahani ya chai. Nikamuuliza inaendeleaje. “Bado inapinda pleti,” akasema, “lakini mswada uache hapa.”