Motokaa ya Umeme na Mfuko wa Mnunuzi

Msomaji mpendwa, yamkini wadhani kwamba motokaa ya umeme ni kitu cha jana na juzi. La, sivyo. Katika mwaka wa 1900 viwanda vya Marekani viliunda motokaa zipatazo 4,000, na zaidi ya theluthi moja ya hizo ziliendeshwa kwa betri. Nyingi za zilizobaki zilikwenda kwa nguvu za mvuke. Za petroli ndizo zilizokuwa chache kuliko zote.

Motokaa hizo za betri zilikuwa na sifa njema. Hazikupiga kelele wala hazikutoa moshi, na dereva hakulazimika kuiwasha injini kwa kuzungusha chuma, kazi iliyoweza kumvunja mtu mkono. Hata Clara, mkewe Henry Ford, yule mtengenezaji mashuhuri wa motokaa za petroli, aliendesha motokaa ya umeme iliyoitwa Detroit Electric.

Mbona basi zilitoweka? Sababu kubwa ilikuwa bei. Kufikia mwaka wa 1912 motokaa ya umeme iliweza kuuzwa kwa dola 1,750, hali ya petroli ilipatikana kwa dola 650. Mwaka uo huo motokaa za Cadillac zilianza kuwashwa kwa mota ndogo iliyobuniwa na Charles Kettering, na ile taabu ya kuzungusha chuma ikaanza kusahaulika. Mnunuzi akajiuliza: ya nini kulipa karibu mara tatu, nami nipate chombo kisichoweza kunifikisha mbali?

Miaka mingi ikapita. Mnamo 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta zilikataa kuiuzia Marekani, na bei ya petroli ikapanda. Mwaka uliofuata, katika mji wa Sebring huko Florida, ikaanza kuundwa motokaa ndogo ya umeme iliyoitwa CitiCar. Umbo lake lilikuwa kama kabari. Ilichukua watu wawili, na mbio zake zilikuwa kama kilomita 60 kwa saa. Lakini Mmarekani aliyekaa mbali na kazi yake alipaswa kupita barabara kuu, na huko mwendo huo ulikuwa hatari kwake na kwa wenzake. Katika mwaka wa 1977 kazi ya kuiunda ilikoma.

Sasa tugeukie Uchina. Mwezi wa Julai 2020 kampuni moja ya mji wa Liuzhou ilianza kuuza motokaa iitwayo Hongguang Mini EV. Bei yake ya chini ilikuwa yuani 28,800, yaani pungufu ya shilingi nusu milioni za Kenya kwa kiwango cha wakati huo. Kwa bei hiyo mnunuzi alipata motokaa ya watu wanne, ya kwenda kilomita 120 tu kabla ya kujazwa umeme tena. Haikuwa na mashine ya kupoza hewa, wala mfuko wa hewa wa kumkinga dereva wakati wa ajali. Hata hivyo, katika mwaka wa 2021 iliuzwa kuliko motokaa nyingine yoyote ya umeme nchini humo!

Je, watu hao walikosa akili? Hasha. Wengi walihitaji chombo cha kuwapeleka kazini, sokoni na shuleni, kisha kurudi nyumbani na kuchomekwa katika umeme wa kawaida usiku kucha. Safari zao hazikuzidi uwezo wake, na bei haikuzidi uwezo wao. Kila mtu hujikuna ajipatapo.

Lakini angalia jambo moja, msomaji. Kukosa mwendo mrefu ni upungufu ambao mnunuzi huujua kila siku, naye aweza kuupima. Kukosa kinga ya ajali hakuonekani mpaka siku ya msiba, na aliyeketi kiti cha nyuma hakuulizwa kama ameridhika. Mwaka 2021 waundaji wenyewe walitoa aina nyingine yenye mfuko wa hewa mbele ya dereva.

Basi siku utakapokuwa mnunuzi, au mwundaji, tenga mambo mawili: yale ambayo mtu aweza kuyaacha kwa kuwa hayahitaji, na yale anayoyaacha kwa sababu ya ufukara tu. La kwanza ni busara. La pili lisiachwe mikononi mwa mnunuzi peke yake. Ni wajibu wa sheria kumlinda.