Waliimba mpaka kwenye kamba

Najua nimeadimika, na kuna walioanza kuulizia kama nimehama chuo. Sijahama. Nipo hapa hapa Mazimbu, Morogoro, likizo ndefu hii, wakati nyie mko makwenu mnakula vya mama. Nina sapu mbili. Nimeona niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu, maana mnajua habari za hosteli hazilali.

Niwe mkweli. Wiki ya kwanza sikugusa hata desa moja. Hosteli imebaki na watu wa kuhesabu, usiku unasikia mpaka mjusi akitembea darini. Nilifungasha begi, nikapiga hesabu ya nauli, nikatunga kabisa na maneno ya kumwambia mzee nyumbani kwamba shule imenishinda, nataka kujaribu biashara. Biashara ipi, hata mimi sijui. Jioni moja nikatoka kunyoosha miguu, nikajikuta makaburini.

Wenzangu wa huku mnayajua makaburi yale ya Waafrika Kusini waliofariki wakiwa uhamishoni. Kwa nyie wa kampasi nyingine na vyuo vingine, ngoja niwape historia kidogo. Na msinicheke, maana mwaka wangu wote wa kwanza nilidhani huyu Solomon Mahlangu ambaye kampasi yetu ina jina lake ni profesa fulani wa zamani wa kilimo!

Basi bwana, tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans. Polisi wakawajibu kwa risasi. Baada ya hapo vijana wengi sana wakatoroka nchi, na wengi walikuwa hata shule hawajamaliza. Chama cha ANC kikajikuta huku uhamishoni kina lundo la wanafunzi na hakina darasa. Mwaka 1977 serikali yetu ikakipa lililokuwa shamba la mkonge hapa Mazimbu, na mwaka 1978 masomo yakaanza. Mwaka 1979 shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, ikajulikana kama SOMAFCO. Mwaka 1992, wenyewe wakijiandaa kurudi kwao, waliikabidhi kwa Tanzania, na ndiyo ikawa kampasi ya SUA tunayosomea leo.

Na Mahlangu mwenyewe? Kijana wa Mamelodi, Pretoria, aliyezaliwa Julai 1956. Baada ya yale ya Soweto alitoka nchini, akapata mafunzo ya kijeshi, akarudi kwao kwa siri Juni 1977 akiwa na wenzake wawili. Wakagundulika katikati ya Johannesburg, kukawa na purukushani, na raia wawili wakauawa kwa risasi. Jaji alikubali kwamba si Mahlangu aliyewaua. Lakini yule mwenzake anayedaiwa kufyatua alikuwa amepigwa mpaka ubongo ukaharibika, hakuweza kusimamishwa kizimbani. Basi Mahlangu akahukumiwa kwa hoja kwamba walikuwa na nia moja. Alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22.

Miaka 22 ndiyo niliyonayo mimi. Nikakaa pale chini kidogo.

Wakati narudi nikapita kwa mama mmoja anayeuza maandazi jirani na kampasi, nikamweleza nimetoka wapi. Yeye alikulia maeneo haya haya. Akaniambia, "Mwanangu, hao watu walikuwa wanaimba! Wakiwa na furaha wanaimba, wakiwa na msiba ndiyo usiseme. Sisi watoto tulikuwa tunasikia nyimbo usiku tunajua wamepata habari mbaya kutoka kwao." Halafu, huku anageuza maandazi, akaanza kuimba moja. Maneno hayajui, anabahatisha tu sauti, lakini muziki anao wote kichwani. Miaka yote hiyo! Nikamuuliza maana yake nini, akacheka: "Sikuwahi kuuliza. Ila ukiimba unajisikia una nguvu."

Ndiyo iliyonitoa usingizi hiyo. Usiku ule badala ya kupiga msuli nilipiga intaneti, na siku zilizofuata maktaba, natafuta habari za hizi nyimbo. Na wa kwanza kukutana naye ni mtu anaitwa Vuyisile Mini.

Mini alizaliwa mwaka 1920, akakulia Port Elizabeth, mji wa bandari. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na alikuwa na sauti nzito, besi ya kweli kweli. Ndiye aliyetunga ule wimbo wa kumwonya Verwoerd, waziri mkuu aliyeushikia bango ubaguzi wa rangi, kwamba mtu mweusi anakuja, ajihadhari. Ajabu ya wimbo huu ni kwamba muziki wake ni mchangamfu. Ukiusikia bila kujua lugha unaweza kudhani ni wimbo wa harusi. Mzungu amesimama pembeni anatikisa kichwa kwa furaha, kumbe anaonywa yeye!

Mini alikamatwa mwaka 1963, akashtakiwa kwa hujuma na kwa kuhusika na kifo cha mtu aliyekuwa akipeleka habari polisi. Akahukumiwa kifo. Kwa maelezo aliyoyaacha mwenyewe, akiwa anasubiri kunyongwa alifuatwa na polisi wakimtaka atoe ushahidi dhidi ya mwenzake ili apone. Akakataa. Tarehe 6 Novemba 1964, gereza la Pretoria, alinyongwa pamoja na Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba. Wafungwa waliokuwemo gerezani walisimulia kwamba watu hawa walikwenda kwenye kamba wanaimba. Na ilikuwa desturi ya gereza lile: usiku wa kuamkia siku ya kunyonga, wenzao wa vyumba vingine wanaimba nao, ili anayekwenda asiende peke yake.

Hapo jamani nilifunga kitabu nikatoka nje. Maana mtu anayejua kesho asubuhi hayupo, anashughulika na sauti ya pili na ya tatu zikae sawa!

Sasa twende taratibu. Kwa nini nyimbo? Kwa nini serikali yenye bunduki, helikopta na magereza ihangaike na watu wanaoimba? Nimelifikiria sana swali hili, na naona majibu yamo kwenye jinsi nyimbo zenyewe zilivyoundwa.

Kwanza, haziwezi kunyang'anywa. Gazeti linafungiwa, kitabu kinachomwa, karatasi ikikutwa mfukoni unakwenda ndani. Wimbo umo kichwani, polisi akikupekua mpaka soksi hauoni. Pili, hauhitaji fedha wala chombo. Anaanzisha mmoja, wengine wanaitikia, na ukibadilisha jina moja tu una wimbo mpya. Ndivyo wimbo wa zamani ulivyoweza kubeba jina la waziri mkuu mpya au la shujaa aliyezikwa wiki iliyopita. Tatu, nyingi zilitoka kanisani. Muziki ni ule ule wa tenzi, zile sauti nne ambazo kila mwanakwaya hapa kwetu anazijua, ila maneno yamegeuzwa. Polisi atakamataje kwaya?

La nne ndilo kubwa kwangu. Woga humpata mtu mmoja mmoja. Ukiwa umesimama mbele ya mbwa na virungu, kila mmoja anafikiria ngozi yake na watoto wake. Mkianza kuimba, unasikia kulia kwako kuna mtu, kushoto kuna mtu, na nyuma kuna besi inakusukuma mgongoni. Woga haujaondoka, ila sasa mmeugawana. Yule mama wa maandazi aliliona hilo bila kusoma kitabu hata kimoja.

Na nyimbo zilisafiri kuliko watu. Miriam Makeba, aliyezuiwa kurudi kwao tangu mwaka 1960, aliurekodi wimbo wa Mini katika albamu aliyoitoa na Harry Belafonte mwaka 1965, yaani mwaka mmoja tu baada ya Mini kunyongwa. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy. Na mnajua wimbo gani mwingine umo kwenye albamu hiyo hiyo? Malaika! Ndiyo, Malaika wetu huyu huyu wa kila harusi. Nilipoona orodha nilipiga kelele peke yangu chumbani. Pia kulikuwa na Radio Freedom ya ANC, ambayo kwa miaka mingi ilirusha matangazo kutoka nchi mbalimbali za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kule Afrika Kusini ukikamatwa unaisikiliza unaweza kufungwa, lakini watu walijifunika blanketi wakasikiliza.

Kuna wimbo mmoja nimeuacha makusudi, maana huo tunao wote midomoni. Mwaka 1897 mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Enoch Sontonga, ambaye pia alikuwa mwalimu wa kwaya, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Aliuandika kwa do re mi, kama kwaya zetu zinavyofanya mpaka leo. Tarehe 8 Januari 1912, siku kilipoanzishwa chama kilichokuja kuitwa ANC, uliimbwa kufunga mkutano. Lakini Sontonga hakuwepo. Alikufa mwaka 1905 akiwa kijana wa miaka thelathini na ushee, na kaburi lake likapotea. Lilikuja kutambuliwa miaka ya tisini, na mwaka 1996 Mandela akalizindua kama kumbukumbu ya taifa.

Muziki huo ndio wa Mungu Ibariki Afrika. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 tuliuchukua ukawa wimbo wetu wa taifa. Zambia nayo ikauchukua mwaka 1964, ikautungia maneno yake. Sasa hebu jiweke kwenye nafasi ya kijana wa Soweto aliyefika hapa Mazimbu mwaka 1979. Kwao muziki huu ni wa mikutano na mazishi, ukiuimba unaangalia polisi wako upande gani. Anafika Morogoro, bendera inapandishwa, muziki ni ule ule, na askari polisi amesimama wima anapiga saluti! Mimi nimeuimba tangu darasa la kwanza, mara nyingi nikiwa nasinzia, jua la asubuhi likinichoma utosini. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu ambao kuuimba bila kukimbia ilikuwa ndoto.

Nisije nikawadanganya lakini. Nyimbo hazikuangusha ubaguzi wa rangi peke yake. Kulikuwa na migomo, vikwazo vya dunia, wapiganaji na mazungumzo. Mini alimwonya Verwoerd, na serikali ya Verwoerd ndiyo iliyomnyonga. Verwoerd mwenyewe alikufa mwaka 1966, akachomwa kisu humo humo bungeni, na ubaguzi ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Kutoka Mini kunyongwa mpaka uchaguzi wa watu wote wa Aprili 1994 ni takriban miaka 30. Kuna waliozeeka wanaimba. Kuna waliozikwa hapa Mazimbu, mwendo wa dakika chache kutoka kwenye dirisha langu, na hawakuiona siku hiyo.

Ndiyo maana nadhani tunakosea tukisema nyimbo hizi ni za ushindi. Ziliimbwa zaidi wakati wa kushindwa. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wawepo kesho yake, na kesho yake tena, mpaka atokee atakayeyaona matokeo. Sontonga hakujua anatunga wimbo wa taifa wa nchi ambazo hazijazaliwa. Alikuwa mwalimu anayetafutia wanafunzi wake kitu cha kuimba. Mwaka 1998 mabaki ya Mini yalifukuliwa Pretoria yakarudishwa kwao kuzikwa kwa heshima. Kuna filamu ya mwaka 2002 inaitwa Amandla! inayoonyesha tukio hilo. Itafuteni. Watu waliozunguka jeneza wanafanya nini? Wanaimba.

Najua kuna mtu atasema, we bwana, unalinganisha sapu zako mbili na kitanzi? Hapana, sina wazimu huo. Tena aibu yangu ilitoka huko huko. Nilikuwa nafungasha begi nikimbie karatasi mbili za mtihani, kwenye madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya vijana waliofukuzwa kwa risasi kwa sababu ya kudai elimu. Hakuna aliyenihubiria. Niliona tu mwaka wa kuzaliwa na wa kufa kwenye jiwe, nikatoa hesabu.

Begi nimelifungua. Mtihani wa kwanza ni Jumatatu ijayo, na sijui matokeo yatakuwaje; nikidisko nitakuja kuwaambia hapa hapa. Jana jioni mshkaji mmoja wa chumba cha jirani, naye ana sapu, alianza kupiga mluzi ule wimbo wa mama wa maandazi, maana nimemwambukiza. Nikampokea na besi yangu mbovu. Akatokea wa tatu kutoka ghorofa ya juu, akauliza, "Huo wimbo unasemaje?" Tukamwambia aingie kwanza, aje na desa zake.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Mwenye babu, bibi au jirani aliyeishi na wapigania uhuru Mazimbu, Dakawa au Kongwa, amuulize walikuwa wanaimba nini, aniandikie. Alamsiki.