Kabla ya Kisu: Historia ya Kutabiri Usaratani wa Vifuko vya Ute vya Kongosho, Ikitazamwa kutoka Songwe

Mwaka 1978 Compagno na Oertel, wanapatholojia wa taasisi ya patholojia ya majeshi ya Marekani mjini Washington, walitenganisha aina mbili za vifuko vya kongosho ambazo hapo awali zilitiwa kapu moja. Vile vyenye majimaji mepesi waliviona kuwa salama. Vile vyenye ute, walivyovichunguza kwa wagonjwa 41, walivihukumu kwa jumla: hata pale ambapo seli zilionekana tulivu, usaratani ulikuwa umejificha. Hukumu hiyo ilifuta haja ya utabiri. Kilichobaki ni kukata. Insha hii inadai kwamba historia iliyofuata ni jitihada za kurudi nyuma kutoka katika hukumu hiyo, na kwamba karibu kila hatua ya kurudi ilihitaji chombo ambacho mgonjwa wa Tunduma alikuwa mbali nacho.

Nimechagua neno kutabiri, si kubashiri wala kuagua, kwa sababu mwaguzi hutaja kilichokwisha kutokea, ilhali daktari anayezungumziwa hapa anakisia tendo la seli ambalo huenda lisitokee kamwe.

Mwaka 1982 Ohashi na wenzake, nchini Japani, walieleza wagonjwa wanne ambao ute ulijaa ndani ya mirija yenyewe ya kongosho. Iliwachukua wataalamu muda kukubali kwamba huu ni ugonjwa mwingine, na Shirika la Afya Duniani liliutenga rasmi katika uainishaji wa mwaka 1996. Tangu hapo kifuko cha ute kisichoungana na mirija, chenye stroma ifananayo na ya ovari, kikajulikana kuwa ugonjwa wa wanawake karibu peke yao, nao hukaa zaidi kwenye kiwiliwili na mkia wa kongosho. Mahali hapo pana uzito katika hoja yangu, nami nitaparudia.

Mwongozo uliotokana na mkutano wa Sendai, uliochapishwa mwaka 2006, ulitumia kipimo cha sentimita 3 kwa vifuko vya matawi ya mirija. Wengi walikatwa kongosho wakakutwa hawana saratani. Mwongozo wa Fukuoka wa mwaka 2012 ukatofautisha dalili za kutia shaka na dalili za hatari kubwa: umanjano, sehemu ngumu inayong'aa kwa dawa ya picha ndani ya kifuko, na mrija mkuu wenye upana wa milimita 10 au zaidi. Antijeni iitwayo CEA, ambayo Brugge na wenzake waliipa mpaka wa nanogramu 192 kwa mililita mwaka 2004, ilisaidia kujua kama kifuko ni cha ute; haikuweza kusema kama kimegeuka saratani. Kosa la kuchanganya maswali haya mawili bado hutokea. Isitoshe, vingi kati ya vipimo hivi vilijengwa juu ya watu waliopasuliwa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia ya kongosho kwa mlango mwingine. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, akiwa Kampala, alieleza jinsi seli zitoazo vimeng'enya zilivyosinyaa kwa watoto waliokufa kwa kwashiokoo. Kongosho letu lilisomwa kwanza juu ya meza ya maiti, kama kiungo cha njaa.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Tunduma ina barabara kuu na reli ya TAZARA, lakini Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Katika orodha ya Fukuoka, umanjano ndio dalili pekee ya hatari kubwa inayosomeka kwa macho matupu. Nao hutokea kichwa cha kongosho kinapobana mrija wa nyongo. Kifuko cha mkiani hakifiki huko. Mwanamke huyu atashika uvimbe chini ya mbavu za kushoto, mahali ambapo wengu uliovimba kwa malaria hufikiriwa mapema zaidi.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 unaruhusu kifuko cha aina hii kilicho chini ya milimita 40, kisicho na kinundu wala dalili, kifuatiliwe kwa picha. Ni busara kwa aliye karibu na mashine. Waandishi wa Sendai walikuwa wametetea upasuaji kwa hoja kwamba wagonjwa hawa ni vijana kiasi, na ufuatiliaji ungedumu miongo. Tena kifuko kikiondolewa kabla saratani haijapenya, ufuatiliaji hauhitajiki. Kwa mfanyabiashara wa mpakani mwenye umri wa miaka 45, nauli, siku za duka kufungwa na picha za kurudiwa mwaka hata mwaka ni sehemu ya hesabu ya hatari sawasawa na milimita. Kwa hiyo siioni kanuni ya zamani, akiwa na nguvu za kuhimili upasuaji na daktari wa kuufanya, kuwa ni kubaki nyuma kitaalamu.