Baruti ya Msiri na kalibre 12 ya jirani



Wiki zimepita kidogo, wezi waliingia parsele ya tatu kutoka kwetu, hapa Kipushi. Kesho yake avenyu nzima tukakutana chini ya mwembe. Jirani mmoja, papa wa watoto wanne, akasema: amechoka, atatafuta kalibre 12. Pale pale vijana wakaanza ubishi: achukue ile ya mitutu miwili ya kukunja, ama ile ya pompe? Kila mtu na video yake kwenye simu. Mama mmoja tu njo aliuliza: "Na siku uko shamba, hiyo bunduki itabaki na nani?" Hakuna aliyejibu.

Mimi ni agronome, bunduki si kazi yangu. Lakini ile swali ilinirudisha kwenye historia, juu sisi watu wa Katanga tulishafanya hesabu hii zamani, na tuliilipa bei kubwa.

Tuanze Bunkeya. Katikati ya karne ya 19, Msiri alitoka Usumbwa, upande wa Tanzania ya leo, akafika na watu wake na bunduki chache. Zilikuwa bunduki za kupakia kwa mdomo: unamimina baruti, unasindilia risasi, kisha jiwe la gumegume ama fataki inawasha moto. Mtu aliyezoea anapiga mara mbili, tatu kwa dakika. Mvua ikinyesha, gumegume inakukataa. Hata hivyo, mbele ya watu wenye mishale, moshi na mlio vilitosha. Msiri akajenga ufalme wa Garenganze. Pembe za ndovu, shaba na watumwa vilitoka. Bunduki na baruti vikaingia, kutoka Benguela upande wa Angola na kutoka pwani ya mashariki.

Hapa agronome anaona kitu. Baruti ile nyeusi ni karibu sehemu 75 kwa 100 nitrati ya potasiamu, ile ile tunayotia shambani kama mbolea. Nyingine ni makaa na salfa. Katanga ilijua kuyeyusha shaba na chuma, wahunzi wangeweza kutengeneza risasi. Lakini baruti ilikuja na misafara. Bunduki ya Msiri ilikuwa kama mbegu ya hibridi: mwaka wa kwanza unavuna vizuri, lakini punje zako ukizirudisha kwenye udongo hazikupi tena mavuno yale. Lazima urudi dukani. Na mwenye duka akifunga?

Duka lilifungwa. Tarehe 2 Julai 1890, wakubwa wa Ulaya na wenzao walitia sahihi Mkataba wa Brussels. Walisema ni juu ya kumaliza biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza bunduki za kisasa kuingia Afrika, kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini. Kipushi iko karibu digrii 12 kusini, basi tulikuwa ndani kabisa. Kilichoweza kuruhusiwa ni gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Wakati huo huo askari wa Force Publique walishika Albini, bunduki inayopakiwa kwa nyuma. Tofauti ya silaha ilipangwa kwenye karatasi, haikuanguka toka mbinguni.

Lakini si Ulaya peke yake iliyomwangusha Msiri. Mwaka 1891 Wasanga, watu aliowatawala kwa nguvu, waliasi. Njia zikawa za hatari, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia. Kapiteni Stairs alipofika Bunkeya mwezi wa Desemba, alikuta nyumba ambayo tayari inawaka ndani. Tarehe 20 Desemba 1891, Omer Bodson alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akapigwa papo hapo na mtu wa Msiri, akafa. Bunduki zilikuwepo tele siku ile. Zilichokosa ni majirani.

Sasa turudi kwenye kalibre 12. Hiyo 12 maana yake: ukigawa ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, katika mipira 12 iliyo sawa, kila mpira unaenea upana wa mtutu, kama milimita 18.5. Liège kule Ubelgiji, mji uliotengeneza gumegume nyingi za kuuzwa Afrika, ndipo karibu yake, Herstal, kiwanda cha FN kilitengeneza pia bunduki ya marisawa ya John Browning inayojipakia yenyewe. Ile ya pompe Browning aliibuni Marekani. Winchester ya 1897 ilishuka mpaka kwenye mahandaki ya vita ya 1914–1918, na mwaka 1918 Ujerumani ikalalamika kwamba ni silaha ya ukatili.

Basi ya mitutu miwili inapiga mara mbili, ni nyepesi kuelewa. Ya pompe inapiga mara tano ama zaidi, lakini mtu mwenye woga, usiku, bila mazoezi, anasahau kuvuta. Marisawa makubwa yanapita mlango wa mbao, hayaulizi nyuma yake kuna mwizi ama mtoto. Na zote mbili zinataka ruhusa: sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 iko wazi. Zote mbili zinataka katushi, na katushi ni kurudi dukani. Tena mwizi akijua iko kwako, njo atakuja kuitafuta siku uko shamba. Mama yule aliona mbali kuliko video zetu.

Miaka ya 2000, baada ya vita, hapa Katanga shirika la PAREC lilikusanya silaha kwa kubadilisha: leta bunduki, chukua kinga. Kwetu kinga ni baiskeli. Kwa Kiswahili cha vitabu kinga ni kile kinachokulinda. Watu walitoa bunduki kwa maelfu, wakachukua kitu cha kubebea mahindi na makala mpaka sokoni.

Avenyu yetu imeanza na filimbi kwa kila parsele, namba za simu za wote, na mchango wa taa mbili za jua. Si kitu kikubwa. Wezi wanaweza kurudi, na sitamcheka jirani yangu kwa woga wake, juu watoto wanne ni watoto wanne. Bado hajaamua. Jana jioni alikuja kuuliza bei ya taa ya tatu, ya kuweka kwenye kona ya giza nyuma ya nyumba yake.

Kwenu mulifanya nini? Muandike hapa chini, tujifunze.